Kulala Gombe, kuzungumzia Kivu: nani hulipa kitanda?

UCHAMBUZI. Mwaliko hufika mara nyingi kwa WhatsApp: warsha ya siku tatu mjini Kinshasa kuhusu amani ya Mashariki, tiketi ya ndege imelipwa, chumba kimelipwa, chakula kimelipwa. Mjumbe anayetoka Kivu ao Ituri anafika katika mtaa wa Gombe, anapewa kadi ya kufungulia mlango na beji ya shingoni. Siku ya nne anarudi nyumbani bila kuona fatura. Fatura hiyo inastahili kuangaliwa, sababu inaeleza mengi kuhusu namna vita vyetu vinavyojadiliwa.

Tuanze na hesabu. Katika hoteli kubwa za Gombe, bei ya usiku mmoja mara nyingi inapita dola 200. Mwaka 2018 serikali iliweka mshahara wa chini kabisa kuwa franka 7,075 kwa siku. Mwaka 2025 ukapandishwa hadi franka 14,500, yaani takriban dola 5 kwa kiwango cha wakati huo. Mfanyakazi anayelipwa hivyo angehitaji siku 40 za kazi, bila kula wala kulipa nyumba, ili alale usiku mmoja tu. Na Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 zaidi ya Wakongomani 7 kati ya 10 waliishi chini ya dola 2.15 kwa siku.

Kwa nini bei iko juu hivyo? Kuna sababu za kawaida za biashara. Vyakula na vifaa vingi hutoka ngambo. Bwawa la Inga lilianza kutoa umeme mwaka 1972, lakini umeme unaendelea kukatika Kinshasa, na hoteli inayotaka jina lazima iwe na jenereta na mafuta yake. Sababu nyingine inatuhusu zaidi: wateja wengi hawalipi kutoka mfuko wao. Wizara, makampuni ya madini, balozi na mashirika ya kimataifa ndiyo hulipa. Mteja asiyelipa mwenyewe habishani na bei.

Hoteli hizi pia zimekuwa vyumba vya siasa tangu zamani. Memling ilifunguliwa mwaka 1937, wakati wa ukoloni. Intercontinental, ambayo leo inaitwa Pullman, ilifunguliwa mwaka 1971, miaka ya fahari ya Mobutu. Hôtel Fleuve Congo, kando ya mto, ilianza kupokea wageni mwaka 2012 katika mnara uliojengwa zamani kwa ajili ya biashara ya kimataifa ya Zaïre. Mwezi wa tano 1997, wakubwa wa Mobutu waliondoka Intercontinental na mabegi yao. Siku chache baadaye viongozi wa AFDL, waliotembea vita kutoka Mashariki, wakaingia katika vyumba vile vile. Utawala ulibadilika, hoteli ikapata wateja wapya.

Historia ya mazungumzo yetu inaonyesha kwamba anayelipa chumba ana nguvu juu ya mazungumzo yenyewe. Mwezi wa kumi 2001, Mazungumzo kati ya Wakongomani yalifunguliwa Addis Ababa na wajumbe wachache kuliko waliotarajiwa, kwa kukosa pesa. Yalikwama baada ya siku chache. Ilibidi Afrika Kusini ikubali kuyapokea Sun City, mahali pa starehe na michezo ya kamari, kuanzia tarehe 25 mwezi wa pili hadi tarehe 19 mwezi wa ine 2002. Wajumbe mamia walilala huko wiki nyingi, wakati Kisangani, Bukavu na Bunia ziliendelea kuhesabu wafu. Walipofunga mabegi, kulikuwa na mapatano kati ya serikali na MLC tu, na RCD-Goma ilibaki nje. Makubaliano yaliyowakusanya wote yalipatikana Pretoria tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili mwaka huo.

Nairobi ilitukumbusha jambo hilo hilo. Mwishoni mwa 2022, katika kikao cha tatu cha mazungumzo yaliyoongozwa na Uhuru Kenyatta, baadhi ya wajumbe walilalamika hadharani kwamba posho zao hazijalipwa. Wengi waliwacheka. Lakini mwakilishi wa kijiji asiye na pesa ya kurudi kwao ana haki ya kuuliza. Shida ni kwamba siku hiyo habari ya posho ilisikika kwa sauti kubwa kuliko habari ya wakimbizi.

Wanaotetea mikutano ya hotelini wana hoja. Kuna usalama, intaneti, wakalimani, na vyumba ambamo maadui wanaweza kukutana bila kuonekana. Tena hoteli inapatia watu kazi: wapishi, wafua nguo, madereva, walinzi. Na kufanya mkutano nyumbani hakutoshi kuleta amani. Mwezi wa kwanza 2008 Goma yenyewe ilipokea mkutano mkubwa wa amani wa Kivu mbili, wenye wajumbe zaidi ya elfu moja. Hati za ahadi zilitiwa sahihi tarehe 23, na kabla ya mwaka kuisha vita vilikuwa vimerudi Rutshuru na Masisi.

Basi mahali si dawa. Lakini mahali panachagua watu. Hakuna barabara nzuri inayounganisha Kivu na Kinshasa, na kiwanja cha ndege cha Goma kimefungwa tangu M23 ilipouteka mji mwezi wa kwanza 2025. Kumleta mama muuza makala kutoka Sake kunahitaji mipaka na ndege mbili ao tatu. Kumwita mtu wa Kivu anayeishi tayari Kinshasa kunahitaji teksi. Mwandaaji mwenye bajeti ndogo atamwita nani? Ndiyo maana, katika mikutano ambayo nimefuatilia kama mwandishi wa habari, nyuso zinarudi zile zile. Wanazungumza vizuri, wanajua faili. Ila wengi wao hawajalala chini ya hema.

Mwaka 2025 hati zilitiwa sahihi Washington tarehe 27 mwezi wa sita, kisha Doha tarehe 19 mwezi wa saba. Zitaleta warsha nyingi za kueleza, kufuatilia na kutathmini, na nyingi zitafanyika katika vyumba vyenye hewa baridi. Hakuna haja ya kuzikataa. Lakini kila mjumbe anayerudi anapaswa kujibu maswali matatu mbele ya watu wake: nani alilipa, mlilala usiku ngapi, na nini kilichoandikwa huko kinachotuhusu? Wanaoalika nao wangeweza kutangaza gharama ya malazi pamoja na ripoti yao.

Pesa ya usiku mmoja wa Gombe, dola 200, ingelipa nauli ya watu kadhaa wa Masisi ao Kalehe kwenda kusema wenyewe katika ukumbi wa parokia ulio karibu nao. Wangelala kwa ndugu zao, na kesho yake majirani wangejua walisema nini.