Gharama ya Fumbo: Ukimya na Matokeo Yake katika Fasihi ya Kiswahili

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umelelewa katika imani kwamba jambo lililofumbwa ni bora kuliko lililotajwa. Mshairi anayeificha hoja yake ndani ya mnyama, mti au chombo husifiwa kwa ukomavu, ilhali anayelitaja jambo kwa jina lake hushukiwa kuwa mhubiri au mwanasiasa. Na msomaji aliyekwisha kuambiwa kwamba fumbo hufumbiwa mjinga huona haya kuuliza kwa nini lilifumbwa. Toleo hili la jarida linakusudia kuliuliza swali hilo. Hoja yake kuu ni kwamba ukimya katika fasihi hauwezi kuthaminiwa kabla ya kujulikana nani aliyenyamaza, nani aliyemnyamazisha na nani aliyefaidika, kwa sababu ukimya wa msanii, wa mfungwa na wa mtumwa hufanana karatasini ingawa chanzo na matokeo yake yametengana mno.

Ukimya unaokusudiwa hapa si kukosekana kwa maneno tu, bali ni kila pengo, ndani ya kazi ya fasihi au katika historia yake, ambalo lingeweza kujazwa na kauli na halikujazwa: mhusika asiyejibu, tukio linalorukwa, nchi isiyotajwa, tabaka lisilopewa nafasi ya kusema. Mwanafalsafa Mfaransa Pierre Macherey, katika kitabu chake cha 1966 kuhusu uzalishaji wa fasihi, alishikilia kwamba mhakiki anapaswa kueleza kile ambacho matini haikisemi wala haiwezi kukisema, kwa kuwa hapo ndipo itikadi, yaani mfumo wa mawazo unaoifanya hali fulani ya jamii ionekane ya kawaida, hujifichua. Mtazamo huo una manufaa, lakini hautoshelezi fasihi ambayo mara nyingi waandishi wake walijua fika ni lipi walilolinyamazia.

Aina ya kwanza ni ukimya wa hiari, ambao mwandishi huuteua kama anavyoteua vina au mandhari. Katika tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969 na kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, shujaa aliye kifungoni anatakiwa na Wajerumani atamke kwamba maji aliyoyahubiri kuwa kinga dhidi ya risasi yalikuwa uongo, na mwenzake Kitunda anamsihi akubali. Kinjeketile mwenyewe hana hakika na maji hayo, hivyo kauli anayotakiwa kuitoa haiko mbali na shaka yake, lakini anakataa kuitoa, kwa kuwa anajua kwamba ikishatoka kinywani mwake itawafikia na kuwavunja moyo hata wale ambao hawajazaliwa. Ukimya huu haumfichi mtazamaji kitu: amekwisha kupewa kila anachohitaji ili aupime, na kinachobaki ni yeye kuamua kama kushindwa vitani ni sawa na kuwa mwongo. Athari ya ukimya wa namna hii ni kumshirikisha mpokeaji katika kazi ya fikra, na ndiyo maana unastahili sifa.

Aina ya pili ni ukimya wa kushurutishwa, unaotokana na udhibiti, yaani uwezo wa dola, wa dini au wa wachapishaji kuamua lipi lisomwe na lipi lisisomwe. Hakuna kisa kinachouonyesha vizuri zaidi kuliko cha Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 aliandika waraka wa kisiasa ulioitwa Kenya: Twendapi?, kwa nathari iliyonyooka, akiikosoa serikali ya chama cha KANU, na kwa ajili yake alifungwa miaka mitatu, tangu 1969 hadi 1972. Gerezani alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yalipochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, yalipata mwaka uliofuata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yuleyule ambaye chini ya utawala wake mshairi alifungwa.

Diwani hiyo haikufumba kila kitu, na msimamo wa mshairi umetajwa humo bila woga. Hata hivyo, shairi kama “Mamba”, lenye mnyama wa mtoni anayetakabari kwa nguvu zake, linaonyesha jinsi onyo kwa wenye nguvu linavyoweza kupenya pale ambapo nathari ilizuiwa. Mhakiki akiishia kuisifu istiara hiyo, yaani ile hali ya kitu kimoja kusimamia kingine bila kulinganishwa waziwazi, anapitwa na jambo zito. Waraka ulioandikwa ili usomwe na mwananchi yeyote ulimtia mwandishi gerezani. Mashairi ya Kimvita kilichokolea, ambayo wasomaji wengi wa bara huhitaji sherehe ya maneno ili wayaelewe, yalimletea tuzo. Fumbo lililinda ujumbe na wakati huohuo likapunguza idadi ya waliofikiwa nao, na punguzo hilo ndilo gharama ambayo sifa za kawaida za fumbo haziihesabu.

Gharama nyingine ni muda. Kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume mnamo Aprili 1972 kulifuatwa na wimbi la kamatakamata na mateso Zanzibar, lakini riwaya ya Adam Shafi iliyoingia katika magereza ya kipindi hicho, Haini, ilitoka mwaka 2003. Riwaya mashuhuri za Unguja za miaka ya 1970, ikiwemo Kuli ya mwandishi huyohuyo kuhusu mgomo wa wachukuzi wa bandarini wa 1948, ziliegemea zaidi dhuluma za enzi ya ukoloni na usultani, ambazo kuzisimulia hakukumhatarisha mtu. Kwa miaka 31 kizazi kizima kilikua kikiyapokea ya 1972 kwa minong'ono, na minong'ono haina mhariri wa kuisahihisha.

Tena woga ukizoeleka hugeuka mtindo, ukaendelea hata sababu yake inapopungua. Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza katika Ibara ya 33, lakini Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 2012, imewekwa katika nchi ya kubuni ya Tomoko. Uamuzi huo una faida yake, kwa kuwa msomaji wa Kigoma au wa Kampala naye huweza kujiona humo. Ila una hasara pia, kwani kiongozi yeyote huweza kuisoma habari ya Tomoko, akacheka na wenzake, na asijione.

Aina ya tatu ni ukimya wa kutengwa, ambao ndani yake hakuna aliyefumba wala aliyekatazwa, kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba mhusika ana la kusema. Katika utenzi wake wa 1858, Mwana Kupona binti Msham wa Pate, akiwa mgonjwa, anamuusia binti yake kuhusu dini, adabu na ndoa, na miongoni mwa wasia huo anamkanya asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Watumwa hao, ambao bila shaka ndio waliopika, kufua na kuteka maji katika nyumba za waungwana, hawazungumzi popote katika utenzi huo. Hata sauti ya upande wao ilipopata kitabu, katika Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela cha 1934, ilifungamana na shukrani kwa Waingereza waliowakomboa kiasi kwamba machungu ya baadaye yalikosa nafasi. Matokeo ni kwamba mwanafunzi wa leo huyachukua maisha ya mwungwana wa Pate kuwa maisha ya mwanamke wa pwani, wala hatambui kwamba nyumba hiyohiyo ilikuwa na wanawake wengine.

Kosa la kuzichanganya aina hizi tatu huzaliwa darasani. Miongozo ya vitabu teule humtaka mwanafunzi aorodheshe jazanda, taswira na kinaya pamoja na ukurasa wa kila moja, naye hupata alama zote bila kuulizwa mwandishi angepatwa na nini lau angesema wazi. Kwa njia hiyo jeraha hufundishwa kama pambo, na mwandishi chipukizi huhitimu akiamini kwamba kufumba ndiko kuandika.

Makala za toleo hili zimepangwa kwa kufuata mgawanyo uliotangulia, na kila moja imetakiwa itaje chanzo cha ukimya inaouchunguza kabla ya kuuhukumu. Jarida halidai kwamba fumbo liachwe, kwa kuwa ushairi wa Kiswahili bila fumbo ungekuwa maskini. Linachodai ni kwamba mhakiki anapolisifu aseme pia lilimgharimu nani, na pale ambapo jambo lingeweza kutajwa bila hatari na bado likafumbwa, mwandishi naye aulizwe sababu.