Kupaki Mlangoni ni Ushamba: Mastaa, Shusheni Ndinga Kwenye Njia ya Watu

Picha inajulikana. Ndinga nyeusi tii, vioo vya giza, kwenye kibao cha namba kuna jina la mwenyewe, na tairi mbili za kushoto zimepanda juu ya njia ya waenda kwa miguu. Mwenye mchuma kaegemea boneti, miwani usoni. Nyuma yake ni mlango wa mgahawa mpya pale Posta, katikati ya Jiji la Dar es Salaam. Chini kaandika maneno mawili tu: "Mjini shule." Jina kapuni, maana leo ni huyu na wiki ijayo atakuwa mwingine. Pozi litakuwa lilelile, na tairi zitakuwa palepale.

Huko chini mashabiki wanamwaga moto na kopa. "Bosi." "Noma sana." "Mungu nipe na mimi." Katika wote hao hakuna hata mmoja anayeuliza mama aliyekuwa anapita hapo na mtoto mgongoni kapita wapi.

Kapita barabarani, katikati ya bodaboda inayowahi abiria na daladala inayowahi kituo. Ili staa apige hatua nne badala ya mia nne, mama wa watu kahatarisha roho yake na ya mtoto. Hiyo ndiyo bei halisi ya ile picha.

Hapa mtu asije na habari za wivu. Gari ni lake, kalitolea jasho, na kama kaimba nchi nzima ikacheza, halali yake. Ila ardhi aliyolipaki siyo yake. Hakuinunua, hakuipanga, wala hakuilipia. Ni njia ya umma, na ilijengwa ili mtu asiye na gari apite bila kuomba ruhusa ya mtu.

Vipimo havidanganyi. Shangingi aina ya Land Cruiser 200, lile watu wanaloliita V8, lina urefu unaokaribia mita 5 na upana unaokaribia mita 2. Likisimama limekula mita za mraba zipatazo 10. Kwenye eneo hilo zinakaa meza sita za vijana wanaouza soksi na chaja, zote zinalisha familia. Basi refu la mwendokasi lina mita 18 na linabeba watu wapatao 150. Mashangingi matatu yakipangwa mstari mmoja, na nafasi ya kutokea katikati, yanakula urefu uleule. Tofauti ni kwamba ndani ya hayo mashangingi hakuna mtu. Wenyewe wako ndani wanasubiri nyama choma.

Na kumbukumbu za mjini zisiwe fupi kiasi hicho. Oktoba 2021 machinga waliondolewa kwenye njia za waenda kwa miguu za Dar. Vibanda vilivunjwa, wengine walilia, wengine walishangilia. Hoja iliyotolewa ilikuwa nyepesi kueleweka: njia ziachwe wazi ili watu wapite, mji uwe na mpangilio. Sawa. Basi hoja ikiwa ni hiyo, ifuatwe mpaka mwisho. Kama meza ya mbao ya mita moja ilikuwa inazuia watu kupita, chuma cha tani mbili na nusu kinafanya nini hapohapo?

Cha kuchekesha zaidi ni mlinzi. Muuza karanga akisimama dakika mbili mbele ya mgahawa, anafukuzwa: "We dogo, sogea huko, unaziba mlango." Shangingi likitokea, mlinzi huyohuyo anatoka mbio, anasimamisha wapita njia kwa mkono: "Njoo, njoo, kata kulia, njoo, hapohapo bosi." Halafu anasubiri hela ya soda. Wakati huohuo dada mwenye Passo yake, aliyepaki kwa adabu kwenye mstari uliochorwa, anaandikiwa ushuru wa maegesho na kutumiwa kontrol namba alipe. Aliyefuata utaratibu ana deni, na aliyepanda juu ya njia ya watu kapigiwa saluti.

Utetezi wa kwanza unajulikana: "Sasa tupaki wapi, maegesho si hakuna?" Posta ina maghorofa marefu yenye maegesho ya chini na ya ghorofani. Ukipaki huko unatembea dakika tano mpaka kwenye mgahawa. Na huyu ni mtu anayelipia jimu kila mwezi ili atembee juu ya mashine dakika arobaini bila kufika popote, kisha anatupia video. Dakika tano za Posta, bure, zenye upepo wa bahari, ndizo zinamshinda? Tena wengi wao wana dereva. Dereva anakushusha, anaondoka, ukimaliza unampigia. Huo ndio ustaarabu wa watu wenye madereva duniani kote. Kuwa na dereva halafu gari likae mlangoni saa tatu ni kuuza sura tu.

Utetezi wa pili: "Staa akitembea atavamiwa na mashabiki." Ajabu ni kwamba siku ya kutoa ngoma mpya, huyohuyo anaingia Kariakoo kwa miguu na kamera nyuma, anakumbatia wauza ndizi, na umati unamfuata mtaa mzima. Siku hiyo mashabiki siyo hatari, ni kiki.

Lakini mastaa peke yao hawatoshi kubeba lawama. Kuna watu wawili wengine, nao majina kapuni.

Wa kwanza ni mwenye jengo. Ramani yake ilipopitishwa, chini palichorwa maegesho. Jengo likakamilika, pale chini pakaonekana pana hela zaidi kuliko magari. Pakapigwa ukuta, pakawekwa fremu na stoo, leo kuna mabalo na maboksi mpaka darini. Magari yaliyotakiwa kulala mle yamepanda ngazi yakaja mbele, juu ya njia ya watu. Mwenye jengo anakula kodi mara mbili, na anayelipia ni mpita njia.

Wa pili ni mwenye mgahawa au duka linalojengwa upya kwa staili ya kisasa. Huyu anarudisha jengo nyuma, anamwaga pevingi mbele, anafunga mnyororo na kuandika "Maegesho ya wateja tu." Kukata njia ya magari anaona haki yake, hivyo ukingo wa barabara unabomolewa mbele ya kila mlango. Mtembea kwa miguu anapanda, anashuka, anapanda, anashuka, na kila anaposhuka kuna bampa inamsubiri.

Angalieni majengo ya zamani ya Mtaa wa Samora yanavyofundisha. Mlango uko palepale njiani, mengine yana kibaraza juu kinachotoa kivuli, dirisha la duka linamtazama anayepita. Mtu anakwenda benki, njiani anaona viatu, anaingia, ananunua. Ule mtaa ulipangwa enzi ambazo magari hayakuwa tatizo, na ndiyo maana mpaka leo unatembeleka. Sanamu ya Askari imesimama kwenye makutano pale tangu 1927, na mpaka sasa haijawahi kumsukuma mtu barabarani. Sogeza yale maduka nyuma mita kumi, jaza magari mbele, uone kama kuna atakayepita tena kwa hiari. Kivuli kitakwisha, dirisha halitaonekana, na anayepita atakaza mwendo atoke juani. Duka litabaki na wateja wa magari tu, nao wako wangapi?

Kanuni ya maegesho katikati ya mji siyo sayansi ya roketi. Magari yakae nyuma ya jengo au chini yake. Mlango wa magari uwe mmoja, upande wa mtaa mdogo. Mbele pawe pa watu: mlango, dirisha, kivuli, benchi. Majengo jirani yatumie eneo moja la maegesho badala ya kila mmoja kujimegea kipande chake, maana ofisi inahitaji nafasi mchana na mgahawa unazihitaji usiku. Nafasi ya karibu kabisa na mlango iwe ya mtu mwenye ulemavu, mgonjwa na mzee wa fimbo. Asiyeweza kutembea ndiye wa kusogezwa karibu. Aliyeamua kutotembea atasubiri.

Na asitokee mtu wa kusema hayo ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1973 Tanzania iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma. Mpango wa mji huo uliotoka mwaka 1976 ulitaka mji wa watembea kwa miguu, baiskeli na mabasi, na gari binafsi lisiwe mfalme. Walioandaa michoro walikuwa kampuni ya Canada, lakini uamuzi ulikuwa wa nchi hii, wakati ambao wenye magari walikuwa wachache kuliko leo. Nchi maskini ilijua kwamba mji ukipangwa kwa ajili ya mwenye gari, wengi watakuwa wageni kwao. Karibu miaka hamsini baadaye, mjini panapangwa na mtu mwenye miwani aliyeegemea boneti.

Huko nje nako hakuko kama mnavyodhani. Magari mengi ya mtumba yaliyojaa mjini yametoka Japani. Kule, kwa sheria ya tangu 1962, mwenye kununua gari katika miji anatakiwa kuthibitisha polisi kwamba ana sehemu ya kulilaza, isiyozidi kilomita 2 kutoka anapoishi. Yaani ile ndinga, kabla haijapanda meli, ililelewa kwa adabu. Kaja kuiharibu mwenyeji wake wa Bongo.

Paris, ambako mastaa wanapenda kwenda kupigia picha mnara, wakazi walipiga kura Februari 2024. Magari mazito ya wageni yakapandishiwa bei ya maegesho mara tatu, mpaka euro 18 kwa saa katikati ya jiji. Hizo ni zaidi ya shilingi 45,000 kwa saa moja, na hapo umepaki kwenye mstari halali. Mexico City nako, mwaka 2017, walifuta sharti la kulazimisha kila jengo jipya kuwa na idadi fulani ya maegesho, wakaweka ukomo wa juu. Mji wenye mamilioni ya watu ulichoka kujenga nyumba za magari.

Hapa nyumbani hakuhitajiki miujiza. Zikasimikwe nguzo za zege pembeni mwa njia, hata mbili kila mita chache, uone kama kuna V8 itapanda. Wakaguzi washuke kwenye yale maegesho ya chini, wafungue milango, watoe maboksi, magari yarudi yalikochorwa. Bei ya kupaki mtaani mchana iwe juu kuliko ya kupaki ndani ya jengo, ili mtaa ubaki wa kushusha na kuondoka. Na faini ikiandikwa, iandikwe kwa wote. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haina kifungu cha mastaa. Kama bodaboda inaweza kupakiwa kwenye karandinga saa nne asubuhi kwa kusimama vibaya, mnyororo wa tairi unaenea pia kwenye rimu za inchi 22.

Walioitwa wafuasi nao wana kazi. Zile picha zinapigwa kwa sababu zinapendwa. Tairi zinapanda juu ya njia kwa sababu kamera inajua watu watagonga kopa bila kutazama chini. Siku mashabiki elfu moja watakapoandika chini ya picha, "Bosi, ndinga kali, ila mama kapita wapi?", meneja atampigia dereva simu kabla ya polisi hawajafika.

Mshamba wa zamani alijulikana kwa kushangaa maghorofa. Wa sasa kazoea maghorofa yote, kasafiri, ana pasi iliyojaa mihuri, na bado hajui kwamba mjini mtu anapaki nyuma, anakuja mbele kwa miguu, anasalimia watu.