Suluhu ya Cyprus: kwa nini mikataba mikubwa hukwama na midogo hudumu?

KARIBU na ziwa la chumvi, nje kidogo ya mji wa Larnaca katika kisiwa cha Cyprus, ambacho Waarabu hukiita Qubrus, lipo kaburi linaloheshimiwa na Waislamu kuwa ni la Bibi Ummu Haram binti Milhan (R.A.), dada wa mama yake sahaba Anas bin Malik (R.A.). Bibi huyu alifika huko katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.), mwaka 28 Hijria, sawa na 649 Miladia, akiwa pamoja na jeshi la Waislamu lililovuka bahari. Yasimuliwa kuwa alianguka kutoka juu ya kipando chake, akafariki na kuzikwa kisiwani humo.

Ndugu msomaji, kaburi hilo liko kusini mwa kisiwa. Waislamu wa Cyprus, ambao ni Waturuki, tangu 1974 karibu wote wamekuwa wakiishi kaskazini. Upande wa pili, Wakristo wa Kiorthodoksi wanayo monasteri yao tukufu ya Apostolos Andreas, nayo iko katika ncha ya kaskazini, wakati wao wanaishi kusini. Kwa takriban miaka thelathini hapana aliyeweza kwenda kuzuru mahali pake patukufu kama atakavyo. Hiyo ndiyo hali ya kisiwa kilichogawanyika.

Leo tumeona ni vyema tuutazame mgogoro huu, kwani wengi wetu husikia habari za mazungumzo yake na kudhani kuwa ni vita baina ya Uislamu na Ukristo. Sivyo.

Cyprus ilipata uhuru kutoka kwa Uingereza mwaka 1960. Wagiriki walikuwa zaidi ya robo tatu ya wananchi, na Waturuki chini ya moja ya tano. Katiba iliweka Rais Mgiriki na Makamu Mturuki, na nchi tatu, yaani Ugiriki, Uturuki na Uingereza, zikawa wadhamini wa nchi hiyo changa. Desemba 1963 serikali ya pamoja ilivunjika na damu ikamwagika. Waturuki wapatao 25,000 walizihama nyumba zao na kujikusanya katika maeneo yaliyozingirwa. Machi 1964 Umoja wa Mataifa ulipeleka jeshi la kulinda amani, na jeshi hilo lipo hadi leo.

Julai 15, 1974, utawala wa kijeshi wa Ugiriki ulichochea mapinduzi dhidi ya Rais, Askofu Mkuu Makarios. Mgiriki alimpindua Mgiriki mwenzake, na wote wawili walikuwa Wakristo. Siku tano baadaye Uturuki ikateremsha majeshi yake, ikisema inawalinda Waturuki wa kisiwa, na hatimaye ikashika zaidi ya theluthi moja ya ardhi. Wagiriki zaidi ya 160,000 walikimbilia kusini, na Waturuki zaidi ya 40,000 wakahamia kaskazini. Hivyo wadhamini wawili wakawa ndio waliopigana, na wa tatu, Uingereza, akabaki na kambi zake mbili za kijeshi ambazo anazo hadi sasa.

Hapana budi tuseme kweli. Waturuki walidhulumiwa katika miaka ya 1963 hadi 1974. Wagiriki walidhulumiwa mwaka 1974. Anayeikumbuka dhuluma moja tu na kuisahau nyingine, huyo hatafuti suluhu.

Ama kuhusu juhudi za kidiplomasia, hizo hazikukosekana. Mwaka 1977 Makarios na Rauf Denktaş, kiongozi wa Waturuki, walikubaliana juu ya msingi wa shirikisho la jamii mbili. Mwaka 1983 upande wa kaskazini ukajitangazia dola, na Baraza la Usalama likalikataa tangazo hilo kwa Azimio namba 541. Hadi leo ni Uturuki peke yake inayoitambua dola hiyo. Jumuiya ya Nchi za Kiislamu imewapa Waturuki wa Cyprus nafasi ya mtazamaji tu.

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuwa mpango wa Katibu Mkuu Kofi Annan. Aprili 24, 2004 pande zote mbili zilipiga kura siku moja. Waturuki asilimia 65 walisema ndiyo. Wagiriki asilimia 76 walisema hapana, wakihofia kubaki kwa askari wa Uturuki na hatima ya mali zao. Wiki moja baadaye, Mei 1, Cyprus iliingia katika Umoja wa Ulaya, na uamuzi wa kuipokea ulikuwa umekwisha kutolewa tangu 2002. Hapa ndipo tunapoona kasoro kubwa: aliyekataa hakupoteza chochote, na aliyekubali hakupata alichokitarajia. Mizani ya namna hiyo haiwezi kuleta suluhu.

Mwaka 2017, huko Crans-Montana nchini Uswisi, mazungumzo yalikaribia tena kufika, kisha yakavunjika juu ya suala la udhamini na majeshi. Kuanzia 2020 Ersin Tatar, kiongozi mpya wa kaskazini, akadai dola mbili badala ya shirikisho, na kikao cha Geneva cha Aprili 2021 hakikuzaa kitu. Oktoba 2025 Waturuki wa Cyprus walimchagua Tufan Erhürman, mwenye kuunga mkono shirikisho, naye amekwisha kukutana na Rais Nikos Christodoulides wa upande wa kusini.

Pamoja na kukwama huko kote, yapo mambo katika kisiwa hicho ambayo hayakukwama, na hayo ndiyo tunayotaka familia zetu ziyazingatie.

La kwanza ni majitaka. Mji mkuu, Nicosia, umekatwa katikati na mstari wa askari, lakini maji machafu hayajui mpaka. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mameya wawili wa mji huo, Lellos Demetriades na Mustafa Akıncı, waliafikiana juu ya mfumo mmoja wa mabomba. Mabomba hayo yanapita chini ya mstari huo, nao mfumo umedumu.

La pili ni maiti. Watu 2,002 wa pande zote mbili walitoweka katika machafuko ya miaka hiyo. Kamati ya pamoja iliyoundwa mwaka 1981, yenye Mgiriki, Mturuki na mjumbe wa Umoja wa Mataifa, imekwisha kuitambua mifupa ya watu zaidi ya 1,000 na kuirudisha kwa jamaa zao ili wazikwe kwa heshima.

La tatu ni mahali pa ibada. Baada ya vivuko kufunguliwa mwaka 2003, Waislamu wa kaskazini walipata kwenda tena kwa Bibi Ummu Haram. Na ile monasteri ya Apostolos Andreas ilikarabatiwa kwa fedha za Kanisa la Cyprus pamoja na fedha za taasisi ya wakfu ya Waislamu wa kaskazini.

Je, mambo haya yana siri gani? Kwa maoni yetu, ni kwamba wawili walikaa sawa mezani, kila mmoja alihitaji kitu, na kama jambo lingeharibika wangeumia wote wawili. Maji machafu yangewafurikia wote. Mama wa Kigiriki na mama wa Kituruki wangebaki wote bila kaburi la mtoto. Sifa hiyo ndiyo iliyokosekana mwaka 2004. Kwa hiyo Erhürman ana hoja anapotaka ijulikane mapema kuwa, mazungumzo yakivunjika tena, Waturuki hawatarudishwa katika hali ile ile. Kadhalika Wagiriki wana hoja wanapouliza ni nani atakayewahakikishia kuwa mdhamini hatageuka tena kuwa mvamizi. Mkataba ujao hauna budi kuyajibu maswali yote mawili kabla ya kura, si baada yake.

Hata hivyo, mambo madogo yasigeuzwe dawa ya usingizi. Mwenye nyumba aliyekimbia 1974 akiwa na miaka thelathini, leo amepita themanini, na wengi wao wamekwisha kufariki. Ndani ya nyumba hizo wamezaliwa watoto wasiojua kwao kwingine. Kila mwaka unaopita, haki ya mmoja inazidi kusongana na haki ya mwingine, na kuzitenganisha kunakuwa kugumu zaidi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awajaalie viongozi wa pande zote mbili ujasiri wa kukiri makosa ya upande wao kabla ya kuyahesabu ya wenzao.

Wallahu a'alam.