Tangi Lako la Kioo Si Bahari: Waacheni Makoa

Tuseme ukweli jamani, hata kama tutaitwa wenye wivu. Huu mtindo wa kuweka tangi la maji ya chumvi sebuleni, halafu ukatumbukiza koa wa baharini mwenye rangi za kanga mpya ili wageni wapige picha, si mapenzi ya viumbe. Ni kuua polepole, tena kwa gharama kubwa.

Kwa asiyemjua, koa wa baharini ni ndugu wa konokono aliyeachana na gamba. Wale wenye rangi kali wengi wao ni nudibranki, na aina zilizokwisha kuelezwa na wataalamu zimezidi 3,000. Shida inaanzia hapo. Muuzaji anakuambia, "Huyu ni koa wa rangi, hana matatizo." Aina 3,000, kila moja na chakula chake, halafu wewe unauziwa "koa wa rangi"!

Wengi wa viumbe hawa ni wateuzi kupindukia. Huyu anakula sifongo, tena sifongo wa aina moja au chache tu. Yule anakula haidroidi, mwingine matumbawe laini. Vyakula hivyo huvikuti dukani, na vidonge vya samaki yeye havitambui. Anabaki kutambaa kwenye kioo huku mwili unanywea, na baada ya wiki chache amekufa kwa njaa. Mwenye nyumba anasema, "Maji yalichafuka." Hapana bwana, umemfungia mgeni chumbani bila chakula.

Kumtambua kwa rangi peke yake nako ni mtego. Mwaka 2018 watafiti waliochunguza vinasaba vya jenasi ya Chromodoris walionyesha kwamba aina moja inaweza kuvaa rangi tofauti, na aina tofauti zikavaa sare moja. Basi angalau tazama umbo. Mwenye shada la matamvua nyuma mgongoni yuko kundi moja. Mwenye vidole vidole mgongo mzima yuko jingine. Na aliye bapa kama karatasi, bila matamvua, huenda si koa kabisa bali ni mnyoo. Hata ukifika hapo, bado hujajua anakula nini.

Halafu kuna sumu. Mwaka 1963 mtafiti R. E. Johannes alieleza jinsi Phyllidia varicosa anavyotoa majimaji yanayoua samaki waliofungiwa naye. Baharini sumu hiyo ni kinga yake, inasombwa na maji. Kwenye tangi lako itasombwa kwenda wapi?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mmoja wa watu wa mwanzo kuwaandika makoa wa Zanzibar na pwani hii alikuwa mkoloni, Sir Charles Eliot, Kamishna wa himaya ya Waingereza iliyokuja kuwa Kenya, hadi mwaka 1904. Huyo huyo aliyehimiza walowezi wapewe ardhi ya nyanda za juu ndiye aliyempa jina Chromodoris africana, mwaka huo huo wa 1904. Zaidi ya miaka 100 imepita. Sisi wasomi wa leo, simu mkononi, tunamtazama koa yule yule na kusema "konokono mzuri", kisha tunauliza bei!

Najua majibu yenu. Wa kwanza atasema wapo makoa wanaoishi vizuri kwenye matangi. Kweli, wachache. Berghia stephanieae huzalishwa humo humo, na hula anemoni wasumbufu waitwao Aiptasia. Elysia crispata wa Karibi anakula mwani. Lakini hao wanaishi kwa sababu chakula chao kinajulikana na kinapatikana. Anemoni wakiisha, Berghia naye anakwisha.

Wa pili atasema maisha yao ni mafupi hata baharini. Ndiyo, wengi hawazidi mwaka au karibu na hapo. Sasa mwenye muda mfupi ndiye wa kuporwa? Siku hizo chache ndizo za kutafuta mwenza na kutaga mayai. Kwako, mayai yakianguliwa, watoto wanaishia kwenye pampu.

Wa tatu ataniuliza wavuvi watakula nini. Pwani ya Kenya imeuza samaki wa mapambo nje kwa miaka mingi, na huo ni mjadala wake. Lakini samaki wengi hukubali chakula cha kopo. Biashara ya koa anayekufa ndani ya wiki chache inaishi kwa vifo: mteja anarudi dukani kwa sababu bidhaa imekufa. Hiyo riziki mnayoitetea ina mwisho, na mwisho wake ni mwamba mtupu.

Kanuni yangu ni nyepesi: kama huwezi kutaja chakula chake, na kukipata kila wiki, usimnunue. Unataka rangi? Subiri bamvua, maji yakipwa shuka mwambani na viatu vyako, piga picha mpaka simu izime, rudisha kila jiwe lilivyokuwa, nenda nyumbani. Koa abaki kwao.

Anayebisha aje na hoja, asije na picha ya sebule yake. Nawasilisha.