Maji ya mchicha yasimwagwe
Tunabishana sana kuhusu nini tule, lakini hatuulizi vya kutosha kinapikwaje. Mchicha ulionunuliwa asubuhi ungali na umande unaweza kufika mezani umepoteza sehemu kubwa ya manufaa yake, na hasara yote imetokea jikoni. Vitamini C na foleti huyeyuka majini na huharibiwa na moto wa muda mrefu. Ukikata mboga ndipo ukaziosha, ukazichemsha hadi zikarojeka, kisha ukamwaga maji yake, umeimwaga na lishe. Magadi yanayotiwa ili mboga zilainike upesi huzidisha uharibifu huo. Osha kwanza, kisha kata. Tia maji kidogo, funika sufuria, epua mapema. Ongeza mafuta kidogo au tui la nazi, maana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri ikiwa na mafuta. Lakini kanuni ya mchicha si ya kisamvu. Majani ya muhogo yana kemikali zinazotoa sianidi, ndiyo maana bibi zetu waliyatwanga sana na kuyachemsha kwa muda mrefu, na hekima hiyo haifai kufupishwa kwa kisingizio cha kuokoa vitamini. Kliniki za mama na mtoto huwahimiza wajawazito wale mboga za majani. Ziwafundishe pia namna ya kuzipika, kwani foleti hiyohiyo tunayoimwaga ndiyo husaidia kumkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo.