Kabla ya kutupa ordinatere, tafuta ugonjwa wake

Kobalti ya Kolwezi inaingia katika batri za ordinatere za dunia nzima. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inatoka Kongo. Lakini hapa Kasaji, ordinatere ya zamani ikianza kuonyesha mistari kwenye kioo ao kuzimika yenyewe, mwenye nayo anaambiwa: « Imekufa, nunua ingine. »

Mara nyingi haijakufa. Iunganishe kwa waya na televisheni. Picha ikiwa safi kule, shida ni kioo ao waya mwembamba unaopita kwenye bawaba. Mistari ikibadilika unaposogeza kifuniko, shuku waya ule kwanza. Lakini mistari ikionekana hata kwenye televisheni, shida ni programu ya picha ao kipande kinachotengeneza picha ndani ya mashini.

Kuzimika ni jambo lingine. Vumbi la kiangazi linaziba feni, joto linapanda, mashini inajizima ili isiungue. Kuisafisha kwa burashi laini kunaweza kutosha. Ikijizima ingali baridi, chunguza chaja na batri. Batri ikivimba, usiichaji wala kuitoboa: inaweza kuwaka.

Kwa hiyo, fundi akikudai pesa ya kioo kipya bila kujaribu kwanza kwenye televisheni, mkatalie. Na shule zetu za ufundi zifundishe vijana kazi hii. Ni haya kwa jimbo linalochimba madini ya mashini hizi kukosa watu wa kuzitengeneza.