Majeruhi wa moto mpakani: Mrija uokoao waweza pia kuua

MALORI ya mafuta yanayopanga foleni Malaba na Busia yakisubiri kuvuka kuingia Uganda yameufanya moto kuwa tishio la kila siku kwa wakazi wa mpaka huo. Kumbukumbu ya Sachang'wan, ambako zaidi ya watu 100 waliangamia Januari 2009, haijafutika. Wala ile ya Malanga, Gem, kwenye barabara ya Kisumu kuelekea Busia, ambako watu 13 walifariki Julai 2021.

Kila mara mjadala huishia kwa wanaochota mafuta. Kinachosahaulika ni kwamba baadhi ya wanaonusurika ndimi za moto hufia wodini siku kadhaa baadaye, aghalabu kwa maambukizi.

Mtu mzima wa kilo 60 aliyeungua asilimia 40 ya mwili huhitaji takriban lita 10 za maji ya dripu katika saa 24 za kwanza, nusu yake ndani ya saa nane tangu aungue. Bila mrija mshipani, maji hayo hayaingii; bila mpira wa mkojo, muuguzi hana hakika kama yanatosha. Lakini ngozi, iliyo ngome ya mwili, imeteketea na vidonda hujaa viini. Mrija ukipitishwa penye kidonda au karibu nacho, viini huufuata hadi kwenye damu.

Kinga yenyewe haihitaji mitambo. Katika jimbo la Michigan, Marekani, matokeo yaliyochapishwa 2006 yalionyesha maambukizi ya mirija ya mishipa mikubwa yakipungua kwa hadi asilimia 66. Wahudumu walinawa mikono, wakajifunika kikamilifu, wakasafisha ngozi kwa klorheksidini, wakaepuka mshipa wa kinena na kuondoa kila mrija usiohitajika tena. Mpira wa mkojo nao, kila siku unapobaki, huongeza hatari kwa asilimia kati ya 3 na 7.

Ugumu wa mpakani ni safari. Hospitali kubwa za rufaa ziko Kisumu na Eldoret, zaidi ya kilomita 100. Mrija uliowekwa kwa pupa, bila usafi kamili, wapaswa kubadilishwa ndani ya saa 48. Daktari ampokeaye mgonjwa atajuaje, iwapo barua ya rufaa haitaji saa wala namna ulivyowekwa?

Tangu 2013 afya imo mikononi mwa kaunti. Glavu, dawa ya kusafishia ngozi na fomu yenye mstari huo mmoja ni gharama ndogo kuliko kitanda cha wagonjwa mahututi.